Kupima uhai wa mbegu za pilipili kabla ya kuzimwaga kitaluni

Mbegu 100 za pilipili zikikaa kwenye karatasi yenye unyevu kwa wiki mbili na zikaota 40 tu, wengi watasema mbegu ni mbovu na kuzitupa. Huenda ni kweli. Lakini huenda zile 60 zilizobaki ni hai kabisa, ila zimetolewa kwenye tunda juzi na bado zimelala, au chumba kilikuwa na baridi usiku, au maji yalikuwa ya chumvi. Kila sababu ina tiba yake, na tiba ya moja haisaidii nyingine. Kwa hiyo kipimo hakiishii kwenye kuhesabu zilizoota. Sehemu yenye faida kubwa ni kuzichunguza zilizogoma.

Vifaa vyote vinavyohitajika hapa vinapatikana nyumbani au madukani Dodoma, na hatua zenyewe zinamfaa mkulima mdogo wa Hombolo au Bahi sawasawa na mzalishaji wa miche wa mjini.

Upime lini

Mvua za Dodoma kwa kawaida hushika Desemba, na mche wa pilipili hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8. Anayetaka kupandikiza mvua zikishatulia humwaga mbegu katikati ya Oktoba au mwishoni mwake. Rudi nyuma mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, unafika Septemba mwanzoni. Muda huo unatosha kupima, kurudia kipimo kikikutia shaka, na bado ukabaki na nafasi ya kutafuta mbegu nyingine. Kwa anayemwagilia, kanuni ni ileile: mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kitalu kwa hoho na pilipili ndefu, wiki sita kwa pilipili mbuzi na pilipili kichaa, kwa sababu hizo mbili huchelewa.

Jamii ya pilipili yako inabadilisha jinsi ya kusoma matokeo

Pilipili zinazolimwa duniani ni za jamii tano. Hoho na pilipili ndefu nyingi ni *Capsicum annuum*. Pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama wima juu ya majani, kwa kawaida ni *Capsicum frutescens*. Pilipili mbuzi, zenye harufu nzito inayojulikana kabla hujazikata, ni *Capsicum chinense*. Mbili zilizobaki, *Capsicum baccatum* na *Capsicum pubescens*, asili yake ni Amerika ya Kusini na huku hazionekani mara kwa mara sokoni. Ukiletewa mbegu nyeusi au za kahawia iliyokolea, usidhani zimeoza: *pubescens* ndivyo zilivyo. Nyingine zote nne zina mbegu za rangi ya majani makavu.

*Annuum* kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi huanza kutoa mzizi kati ya siku ya 4 na ya 7, na kufikia siku ya 14 nyingi zimekwisha kufungua majani ya kwanza. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa huweza kuchukua siku 10 hadi 21, nyingine zikasogea hadi siku ya 28. Ukifunga hesabu ya pilipili kichaa siku ya 14 kama ulivyofanya kwa hoho, utazihukumu mbegu nzima kuwa zimekufa.

Kuchukua mbegu za kupima

Kama mbegu ziko kwenye chupa au mfuko, chota kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini, kisha changanya kwenye sahani na uhesabu bila kuchagua. Toa tu uchafu na vipande vya nyama ya tunda. Kishawishi cha kuchukua zile nene na nyeupe ni kikubwa, na hakuna kitu kinachoharibu kipimo kama hicho, maana kitaluni utamwaga zote.

Hesabu mbegu 100, uzigawe mafungu manne ya 25. Maabara zinazofuata kanuni za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, hutumia mbegu 400. Nyumbani 100 zinatosha. Kumi hazitoshi. Zikiota 8 kati ya 10, uotaji halisi wa shehena yako unaweza kuwa chini ya asilimia 50 au zaidi ya 95, na huna njia ya kujua. Zikiota 80 kati ya 100, ukweli uko takriban kati ya 71 na 87. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue gramu ngapi.

Mbegu chotara zinauzwa kwa bei inayouma, na mtu huona vibaya kupoteza 100. Pima 50, na usizitupe zilizoota: mzizi ukiwa haujazidi sentimita moja, uhamishie kwenye trei kwa kibanio au ncha ya kijiti, ukiishika mbegu yenyewe na si mzizi. Endelea kuziangalia humo hadi majani ya kwanza yafunguke, ndipo uziingize kwenye hesabu.

Kisha ongeza fungu la tano, la kulinganishia. Hizi ni mbegu 25 za jamii ileile ambazo una hakika nazo, mfano zile ulizomwaga msimu uliopita zikaota vizuri. Fungu hili likigoma nalo, tatizo liko kwenye joto, maji au karatasi, na shehena unayoipima haina hatia bado. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanabaki kubahatisha.

Maji

Sehemu nyingi za Dodoma hutegemea visima, na visima vingi vina maji ya chumvi. Chumvi huvuta maji upande wake, mbegu ikashindwa kunywa vya kutosha, na pilipili si zao linalostahimili chumvi. Uotaji huchelewa kwanza, kisha hupungua.

Kwa kipimo chenyewe tumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa safi au maji ya kunywa ya chupa. Lakini kama kitalu chako kitamwagiliwa kwa kisima, andaa mafungu mengine mawili ya mbegu zilezile na uyaloweshe kwa maji hayo ya kisima. Mafungu ya maji safi yakitoa asilimia 85 na ya kisima 60, umeshajua kwamba mbegu ni nzima na kwamba kitalu kinahitaji maji mengine, angalau hadi miche ichomoze.

Joto

Hapa ndipo vipimo vingi vya nyumbani vinapoharibika. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Juni na Julai unaweza kukudanganya kwa jua lake, lakini usiku baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na nyumba ya bati haiizuii. Pilipili inataka nyuzi 25 hadi 30. Kwenye nyuzi 20 hutumia karibu wiki mbili kuchomoza badala ya siku nane, kwenye 15 huenda ikafika siku 25, na chini ya hapo karibu haioti kabisa. Mbegu inayokaa muda mrefu kwenye ubaridi na unyevu hushambuliwa na ukungu kabla haijaamka.

Kanuni za ISTA kwa pilipili zinaruhusu joto linalopanda na kushuka: nyuzi 20 kwa saa 16, kisha 30 kwa saa 8. Habari hiyo ni njema kwa mtu asiye na mashine, kwa sababu mchana na usiku vikipishana ndani ya mipaka hiyo hakuna tatizo. Kuanzia Oktoba hadi Machi kabati la ndani ya chumba linatosha. Miezi mingine tumia deli la kubebea samaki au aiskrimu: weka ndani vifurushi vya mbegu, pembeni chupa mbili za lita moja na nusu zenye maji ya moto kiasi cha kuoga, funika, ubadilishe maji jioni na alfajiri. Kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo kiwekwe ndani ya deli, kando ya mbegu, maana joto la chumba na la deli havifanani.

Wafugaji wa kuku watafikiria mashine ya kutotolesha mayai. Iacheni. Hiyo hukaa kwenye nyuzi 37 na zaidi, na pilipili huanza kugoma ikishapita 35. Dirishani kwenye jua kali nako siyo mahali pake. Mfuko wa plastiki juani hupika mbegu ndani ya saa moja.

Kufunga vifurushi

Unahitaji tishu za jikoni zisizo na manukato (tishu za chooni huchanika na nyingi zina marashi), mifuko midogo ya plastiki yenye zipu au kopo lenye kifuniko, kalamu isiyofutika, na jiki.

1. Osha mikono kwa sabuni, futa meza. Kama mbegu zimepakwa dawa ya rangi, ya waridi, kijani au buluu, vaa glavu na uruke hatua ya 2. Dawa hiyo tayari inazuia ukungu.

2. Changanya kijiko kimoja cha jiki ya kawaida, isiyo na rangi wala harufu ya kuongezwa, na vijiko tisa vya maji. Zamisha mbegu dakika 5 hadi 10 ukizikoroga, kisha zisuuze kwa maji safi mara tatu. Mbegu zilizotolewa kwenye tunda nyumbani hubaki na utando wa sukari juu ya ganda, na utando huo ndio chakula cha kwanza cha ukungu.

3. Loweka mbegu kwenye maji safi saa 8 hadi 12. Zikizidi saa 24 ndani ya maji yaleyale zinaweza kukosa hewa na kufa, kisha lawama inaangukia kwa aliyeziuza.

4. Kunja tishu mara mbili, ilowanishe, kisha ikamue mpaka ukiiinua isidondoshe tone. Bonyeza kwa kidole: ukiona maji yanazunguka kidole, bado imezidi. Mbegu inahitaji maji na hewa kwa pamoja, na karatasi iliyojaa maji inafunga hewa.

5. Panga mbegu 25 kwa mistari mitano ya tano, zisigusane. Iliyooza ikigusana na jirani, humwambukiza. Funika kwa tishu nyingine yenye unyevu, kunja taratibu.

6. Ingiza kwenye mfuko, uache upenyo kidogo wa hewa. Andika jina la aina, fungu namba ngapi, maji gani, na tarehe.

7. Fungua kila siku. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu na ina upepo. Tishu inaweza kukauka kwa siku mbili hata ndani ya mfuko. Karatasi ikikauka hata mara moja tu baada ya mzizi kutoka, mzizi huo haufufuki. Ongeza maji kwa matone, au kwa chupa ya kupulizia. Mbegu yenye ukungu ihesabu, iandike, itoe.

Asiyependa karatasi atumie mchanga wa korongo: uchekeche, uoshe mpaka maji yawe meupe, ukaange kwenye sufuria hadi uwe wa moto sana na mvuke uishe, uache upoe. Ulowanishe kiasi kwamba ukiufinya unashikana bila kutoa maji, na uzike mbegu nusu sentimita. Mchanga unaonyesha vizuri zaidi nguvu ya mche kuliko karatasi, lakini unaficha zilizogoma, na itakubidi uuchekeche kuzipata.

Kuhesabu

Hesabu ya kwanza fanya siku ya 7, ya mwisho siku ya 14, ndivyo ISTA wanavyofanya kwa pilipili. Kwa mbuzi na kichaa endelea kila siku ya tatu hadi siku ya 28.

Usihesabu mzizi peke yake. Mzizi ukitoka umeona dalili ya uhai tu; unachohitaji ni mche. Mche wa kawaida una mzizi mrefu mweupe wenye vinyweleo, shina lililonyooka, na majani mawili ya kwanza yaliyo mazima. Andika kando miche yenye kasoro: mzizi uliokatika au kuwa na ncha ya kahawia, shina linalong'aa kama limejaa maji, jani la kwanza lililokosekana, au mche uliojikunja bila kuendelea. Hiyo haiwi mimea shambani, hata kama imeota. Ganda linalong'ang'ania juu ya majani mara nyingi ni ukavu tu. Linyunyizie maji, lisubiri saa chache, hudondoka lenyewe.

Linganisha mafungu manne. Wastani ukiwa karibu na asilimia 80, mafungu ya 25 yanaweza kupishana kwa bahati tu hadi mbegu 7 hivi. Moja likitoa 24 na jingine 14, kuna kifurushi kilichokauka, kilichojaa maji au kilichokaa karibu mno na chupa ya moto. Rudia kipimo kabla hujatoa hukumu.

Angalia pia hesabu ya siku ya 7 peke yake. Shehena mbili za hoho zinaweza kufika zote asilimia 80 siku ya 14, moja ikiwa na 65 siku ya 7 na nyingine 20. Ya pili imechoka. Kwenye karatasi yenye joto zuri imejikongoja na kufika. Kitaluni, ambako usiku ni baridi na udongo unaganda juu, itaachwa mbali. Mbegu hupoteza nguvu kabla ya kupoteza uhai, na kasi ndiyo inayokuonyesha jambo hilo mapema.

Zilizogoma

Chukua mbegu zote ambazo hazijaota na uzibonyeze moja moja kwa ncha ya kijiti.

Zinazopasuka na kutoa uji wa kijivu au kahawia, mara nyingi zenye harufu, zimekufa. Kama nyingi ni za hivi na fungu la kulinganishia limeota vizuri, shehena ni mbovu na hakuna la kufanya.

Zilizo ngumu, zilizovimba kidogo na zenye rangi safi, zikate. Ilaze mbegu kwenye ubao, uishike kwa kibanio, uipasue kwa wembe mpya kwa upana wake ili ipatikane nusu mbili bapa. Ndani utaona kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, chembamba, kimejikunja na kimezungukwa na akiba ya chakula. Kiinitete hai ni cheupe, kigumu, kinajaza nafasi yake. Kilichokufa ni cha kahawia, au cha maji maji, au kimenywea na kuacha uwazi. Mbegu isiyo na kitu ndani, ganda tupu, inatoka kwenye tunda lililochumwa bichi au ua lililochavushwa vibaya. Kata mbegu 20 zilizogoma, siyo mbili tatu.

Kama nyingi ya hizo ngumu zina kiinitete cheupe, mbegu zimelala. Hali hii ni ya kawaida kwa mbegu mbichi, na huwa nzito zaidi kwa pilipili kichaa na mbuzi. Tiba ya kwanza ni subira: zikaushe, ziweke mahali pakavu wiki sita, upime tena. Tiba ya pili ni naitreti ya potasiamu, mbolea nyeupe inayoyeyuka kabisa, ambayo maduka ya pembejeo yanayohudumia vitalu nyumba huwa nayo. Yeyusha gramu 2 kwenye lita moja ya maji na utumie maji hayo kulowanishia karatasi mara ya kwanza tu. Baadaye ongeza maji matupu. Ukizidisha dozi ukidhani itaharakisha, umerudi kwenye tatizo la chumvi. Weka mafungu mawili yenye naitreti na mawili yasiyo nayo. Yenye naitreti yakiruka mbele kwa tofauti kubwa, hakuna shaka tena kwamba mbegu zilikuwa zimelala.

Na kama zote ni ngumu na nyeupe, fungu la kulinganishia nalo limegoma, rudi kwenye kipimajoto. Karibu kila mara jibu liko hapo.

Njia ya kumwaga mbegu kwenye glasi ya maji na kutupa zinazoelea isitumike kupimia uhai wa pilipili. Mbegu ya pilipili ni bapa na nyepesi. Ikiwa kavu sana hubebwa na uso wa maji na viputo vya hewa hata ikiwa nzima. Vilevile mbegu iliyokufa kwa uzee au kwa joto ina uzito uleule na inazama vizuri kabisa. Glasi ya maji inafaa kuondoa maganda matupu siku unapotoa mbegu kwenye tunda, baada ya kukoroga na kusubiri. Kazi yake inaishia hapo.

Maabara zina njia ya haraka: chumvi ya tetrazoliamu. Mbegu iliyolowekwa hukatwa na kuzamishwa humo gizani. Chembe hai zinapopumua, vimeng'enya vyake huigeuza kemikali hiyo isiyo na rangi kuwa nyekundu. Kiinitete kilichokolea wekundu wote ni hai, chenye mabaka meupe kimekufa sehemu hizo. Jibu hupatikana kwa siku moja au mbili na halidanganywi na usingizi wa mbegu. Mwenye shehena kubwa, au mgogoro na muuzaji, apeleke sampuli TOSCI, taasisi ya serikali ya uthibiti wa mbegu yenye makao yake makuu Morogoro. Matokeo yao yana uzito ambao kifurushi chako cha tishu hakina.

Kutoka asilimia hadi gramu

Tuseme unapanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 45. Ekari inachukua karibu miche 12,000. Ongeza asilimia 10 ya kujazia mapengo, inakuwa 13,200. Kipimo chako kimetoa asilimia 72 ya miche ya kawaida, na kitaluni unatarajia kupoteza 15 kwa kila 100 kwa kinyausi (ugonjwa unaoozesha miche michanga shinani), wadudu na ajali. Gawanya 13,200 kwa 0.72, kisha kwa 0.85: unahitaji mbegu 21,570 hivi. Mbegu 1,000 za *annuum* zina uzito wa gramu 6 hadi 7, basi kwa gramu 6 ni takriban gramu 130. Za pilipili kichaa ni ndogo zaidi, kwa hiyo usitumie uzito wa hoho. Hesabu mbegu 200, zipime kwenye mzani mdogo wa kidijitali, zidisha kwa tano.

Asilimia 80 na kuendelea, mwaga kwa utulivu. Kati ya 60 na 80, ongeza mbegu kwa hesabu hiyo hapo juu. Kati ya 40 na 60, otesha kwanza kwenye karatasi na uhamishie trei zile tu zilizotoa mzizi, kwa sababu hata zilizo hai ndani ya shehena kama hiyo zimedhoofika na kumwaga nyingi zaidi hakuziongezei nguvu. Chini ya 40, na ukaguzi wa wembe umeonyesha zimekufa, usipoteze udongo, isipokuwa ni aina adimu unayotaka kuiokoa kwa miche michache ya kuzalishia mbegu mpya.

Mbegu unazotoa mwenyewe

Mbegu za chotara usizirudie. Zitaota, lakini watoto hawatafanana na mama. Mbegu za pilipili kavu za sokoni Majengo zinaweza kuota vizuri au zisiote kabisa, kutegemea zilivyoanikwa, kwa hiyo zipime bila kukosa.

Kwa aina za kawaida, chuma tunda likiwa limeiva rangi yake ya mwisho, nyekundu, njano au chungwa. Liache kivulini wiki moja hadi mbili kabla ya kulipasua, mbegu ziendelee kukomaa ndani. Vaa glavu: ukali uko kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, nao hupaka kila kitu. Kausha kivulini penye upepo, juu ya chandarua au gazeti, zisizidi unene wa mbegu moja. Bati la juani linaua. Joto lake linapita kwa mbali nyuzi 40 ambazo mbegu mbichi haistahimili. Kiangazi cha Dodoma kitakukaushia kivulini ndani ya wiki moja bila moto wowote. Zikiwa tayari, mbegu ikikunjwa huvunjika badala ya kupinda.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ndani ya chumba chenye ubaridi, mbali na dari. Kwa kadirio linalotumiwa na wahifadhi mbegu, kila unyevu wa mbegu ukishuka kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka mara mbili, na kila joto la ghala likishuka nyuzi 5, vivyo hivyo. Jokofu linafaa kama mbegu zimekauka kweli na chupa imezibwa. Ukiitoa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo hewa ya nje itageuka maji juu ya mbegu.

Kama unashuku magonjwa ya kwenye ganda, maji ya moto ya nyuzi 51 hadi 52 kwa dakika 30 hutumika kwa pilipili, lakini nyuzi mbili zaidi huweza kuua kiinitete na mbegu kuukuu haivumilii hata kipimo sahihi. Tibu mbegu 50 kwanza, zioteshe sambamba na 50 zisizotibiwa. Zilizotibiwa zikizidiwa kwa zaidi ya mbegu 8 hivi, shehena iliyobaki usiitie kwenye maji hayo.

Juu ya chupa andika aina, tarehe ya kutoa mbegu, tarehe ya kipimo, asilimia ya siku ya 7 na ya siku ya mwisho, na idadi ya zilizogoma zikiwa hai. Pima tena kila baada ya miezi sita, na lazima kabla ya kila kitalu.